Sauti Ni Yangu, Vigelegele Ni vya Dada

BARUA

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Walukuba hapa Jinja, mtaa ambao watoto wa wafanyakazi wa viwandani kutoka makabila mengi wamekua wakisema Kiswahili, na ndiyo sababu nakuandikia kwa lugha hii. Ni mwigizaji katika kikundi cha tamthilia za nyimbo kinachoonyesha kazi zake hapa mjini na katika miji ya jirani kama Iganga, Mbale na Tororo. Tamthilia yetu ya sasa inamhusu mjane anayepigania shamba la marehemu mumewe dhidi ya shemeji zake, na karibu nusu yake inaimbwa kwa Kiswahili na Kisoga, ikisindikizwa na kinanda, gitaa na ngoma.

Mjane huyo anaigizwa na mwanamke nitakayemwita Dada, kwa kuwa ndivyo ninavyomwita siku zote. Amenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Yeye ndiye aliyeniingiza kikundini wakati nilipokuwa nikikaanga chapati karibu na stendi ya teksi, akanifundisha kuvuta pumzi kutoka tumboni, na akanitetea kwa mwongozaji aliyeona kwamba sina uzito wa jukwaani. Nafasi yangu mwenyewe ni ndogo, mmoja wa wanakijiji, lakini pia ndimi mbadala wake. Nimejifunza maneno na nyimbo zake zote ili siku akiugua nisimame mahali pake.

Tangu mwanzoni mwa mwaka sauti ya Dada imekuwa ikikwaruza. Mazungumzo anayamudu, na nyimbo za sauti ya chini anaziimba bila shida, lakini akipanda juu sauti inakatika na kubaki hewa tupu. Jioni moja kule Iganga, muda mfupi kabla ya wimbo wa mazishi, alinivuta kando akaniomba nimwimbie sehemu za juu nikiwa nyuma ya pazia, naye atafungua mdomo tu. Nilikubali, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kulipa na ukumbi umejaa. Fundi wa sauti aliafiki. Wimbo ule ulipokelewa vizuri kuliko siku zote, na tangu hapo hatujaacha.

Maikrofoni zisizo na waya tulizo nazo ni chache kuliko waimbaji, kwa hiyo tunapokezana gizani: inatolewa kwenye kilemba cha huyu, inabanwa kwa plasta ya kidonda kwenye ukosi wa yule, ingali na jasho la mwenzake. Hakuna anayeshangaa kuniona nimeshika moja. Ninasimama kati ya kamba ya maleba na ukuta, nimeziba kwa kidole gumba kile kitaa chake kidogo chekundu, na kupitia upenyo wa pazia ninayatazama mabega ya Dada. Yakiinuka, ninavuta pumzi. Yakishuka, ninaanza kuimba. Umeme ukikatika, kama ilivyo kawaida hata kwetu sisi tunaolala kando ya bwawa la umeme, tunasubiri jenereta na tunaanza tena pale pale.

Watu hupanda jukwaani kumtunza. Siku moja baada ya onyesho, bibi mmoja aliingia chumba cha kuvalia, akamshika Dada mikono yote miwili, akalia, akisema kwamba wimbo ule umemrudisha kwenye matanga ya mumewe. Dada alimshukuru, kisha akanitazama kupitia kioo. Fedha za kutunzwa hunigawia nusu, amezifunga kwenye leso, na siwezi kusema kwamba amenidhulumu.

Sasa tumealikwa Kampala, kwenye Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho, na mfadhili mmoja amekubali kugharimia kurekodiwa kwa nyimbo za tamthilia hii. Mwongozaji ametangaza mbele yetu sote kwamba jina la Dada litaandikwa kuwa la mwimbaji mkuu. Dada ameniomba niingie studio na fundi kwa siku tofauti na wenzangu, niimbe, na jina libaki lake, kwa kuwa ana watoto wawili shuleni na nafasi hii ikimponyoka hana nyingine. Nikimweleza mwongozaji, nitaitwa mbadala mwenye kijicho aliyemwangusha mlezi wake. Nikinyamaza, sauti yangu itazunguka nchi nzima ikiwa na jina la mtu mwingine. Tena kuna jambo ambalo sijamwambia yeyote: nataka kusikika. Sijui kama ninachokitaka ni haki yangu au ni nafasi yake.

Naomba ushauri wako.

Mimi wa nyuma ya pazia, Jinja

JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu,

Hebu nilieleze jambo lako kama nilivyolielewa. Umemwazima sauti mtu aliyekulea katika kazi hii. Ulichokitoa kwa ajili ya jioni moja kimegeuka kuwa desturi, na desturi hiyo sasa inaombwa iwe ya kudumu. Ingekuwa ni ya Iganga peke yake, sidhani kama ungechukua kalamu. Onyesho huisha pazia likifungwa, na kesho yake kila mtu hulisimulia kwa namna yake. Rekodi hubaki, hupigwa redioni, huuzwa, huingia kwenye simu za watu, na jina lililoandikwa juu yake huwa vigumu kulifuta. Mwaliko wa Kampala na siku ya studio vimekuja pamoja, ndiyo maana katika barua yako umevichanganya, lakini mimi naviona kuwa mambo mawili yenye uzito tofauti, na huenda ukaweza kulijibu moja kabla ya jingine.

Kuna mambo katika barua yako uliyoyapita haraka, nami ningependa turudi kwayo. La kwanza ni koo la Dada. Umeandika kana kwamba sauti yake imekwisha kupotea, na kilichobaki ni kuamua nani aifiche. Je, kuna mtu aliyemtazama? Ukwaruzaji wa sauti unaoendelea kwa zaidi ya wiki tatu, bila mafua wala kikohozi cha kueleweka, unapaswa kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Daktari huyo hutazama nyuzi za sauti kwa kioo kidogo au kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa puani. Kwa waimbaji na walimu, hasa wanawake, mara nyingi kinachoonekana ni vinundu vidogo vinavyoota pale nyuzi zinapogongana, mfano wa sugu kwenye kiganja cha mlimaji, na vingi hupungua kwa kupumzisha sauti na kufundishwa upya namna ya kuitumia, bila kisu. Lakini sababu zinaweza kuwa nyingine, kuanzia asidi ya tumbo inayopanda usiku hadi magonjwa mazito ambayo hayapendi kusubiri. Tangawizi na asali, ambazo nina hakika zimejaa kwenye kikapu chake, hulainisha koo, ila nyuzi za sauti zimo katika njia ya hewa na chakula hupita njia yake. Hakuna tunachomeza kinachozigusa. Hata kunong'ona, ambako wengi hukudhania kuwa ni mapumziko, huzichosha. Jinja kuna hospitali ya rufaa ambako anaweza kuanzia, na kama hapana budi ataelekezwa hospitali ya Mulago kule Kampala.

Nimekaa hapo kwa muda mrefu kwa makusudi. Unaamini kwamba kunyamaza kwako kunamhifadhi Dada. Inawezekana kunahifadhi jina lake huku kukimnyima sababu ya kwenda kutibiwa, kwa kuwa kila onyesho linalopita salama linamwambia kwamba anaweza kuendelea vile vile. Hilo silisemi kwa kukulaumu. Nalisema kwa sababu linabadilisha mazungumzo yenu: unaweza kumwendea kwa habari ya afya yake kabla hujamwendea kwa habari ya jina lako, na mlango huo hauna kijicho ndani yake.

Halafu kuna hii siri ya watu watatu. Mwanangu, mimi nimeingia vyumba vya kuvalia vya kumbi zetu, ambamo wanawake wote hupaka poda kwenye kioo kimoja na mmoja akikohoa wote wanajua amekula nini. Mpiga kinanda anayefuata wimbo usiku baada ya usiku anazijua pumzi za mwimbaji wake. Sina ushahidi, lakini nakuuliza: una hakika kwamba hakuna mwingine anayejua? Mwongozaji mwenyewe, aliyemsikia Dada kwa miaka, hajastaajabia sauti iliyorudi ujana wake ghafla? Ikiwa wapo wanaojua na wamenyamaza, basi unachokihofia si kufichuka. Unahofia kuwa wewe ndiye utakayelisema kwa mdomo, na hofu hiyo ina dawa nyingine, kwa maana aliye na haki ya kwanza ya kulisema ni Dada. Na usimsahau fundi. Leo ni mshirika wenu. Kesho mkikosana kuhusu malipo, atakuwa ameshika kitu chenu mkononi.

Umeniuliza kama unataka haki yako au nafasi yake. Sioni kwa nini moyo mmoja usibebe yote mawili. Msanii asiyetaka kusikika amekosea kazi, na kuitamani nafasi ya mkubwa wako si sawa na kumchimbia. Ila angalia jambo moja ambalo nyuma ya pazia halionekani. Ulipokuwa ukimtazama mabega, ukumbi ulikuwa ukimtazama uso. Yule bibi wa matanga alilizwa na sauti yako, ni kweli, lakini alilizwa pia na mwanamke aliyepiga magoti mbele yake na kuushika udongo wa kaburi. Ukichukua nafasi ya mjane, utaimba na kuigiza kwa wakati mmoja, macho ya watu yakiwa juu yako, na sijui, wala wewe hujui bado, kama utalimudu hilo. Huenda ukalimudu kupita wote. Nasema tu kwamba kile kinachoshangiliwa sasa ni kazi ya watu wawili, na ukiliona hivyo, huenda swali la nani mwenye nacho likakulegea kidogo.

Tena kuimbiana si jambo geni wala si lazima liwe la aibu. Mjini Kampala, miaka ya mwisho ya 1990, vijana wa vikundi vya karioki walijaza kumbi kwa kufuatisha midomo nyimbo za wengine, na waliolipa kiingilio walijua wanachokilipia. Katika filamu za Kihindi, ambazo wazazi wetu wa Jinja walizipenda sana, mwigizaji kufungua mdomo kwa sauti ya mwingine ni desturi inayojulikana na wote. Hata hivyo haikuanza kwa uwazi: mwaka 1949, filamu ya Mahal ilipotoka, sahani ya santuri ya wimbo wake uliovuma zaidi iliandikwa jina la mhusika, na wasikilizaji walipouliza sana redioni ndipo walipoambiwa kwamba aliyeimba ni Lata Mangeshkar. Hollywood nako, Marekani, mwimbaji Marni Nixon alimwimbia mwigizaji Deborah Kerr katika filamu ya muziki ya mwaka 1956 bila jina lake kuandikwa, na baadaye alisimulia kwamba alitishwa kuwa akisema hatapata kazi tena katika mji ule. Wanawake hao wawili walikuwa wamefanya mazoezi bega kwa bega, kama mnavyofanya ninyi. Leo dunia inamjua Nixon, lakini kutambuliwa kwake kulichukua miaka mingi, na mingine ya miaka hiyo ilikuwa ya ujana wake.

Kwa hiyo njia zako ni zaidi ya zile mbili ulizoniandikia. Ya kwanza ninayoiona ni kuzungumza na Dada mwenyewe na kumtaka aende nawe kwa mwongozaji kabla ya siku ya studio. Uzuri wake ni kwamba yeye ndiye anayesema na wewe umekaa kando yake. Hatari yake ni kwamba anaweza kukataa, na mkishazungumza hamtaweza tena kujifanya kwamba hamjazungumza. Kila onyesho litakaloifuata siku hiyo utaliimba ukijua kwamba anajua unavyohisi. Mwongozaji naye anaweza kughadhibika, hasa kama amekwisha kumpa mfadhili jina. Lakini mwongozaji mwenye busara huyaona pia mambo ambayo mimi na wewe hatuwezi kuyapanga: anaweza kuushusha wimbo kwa sauti mbili tatu ili Dada aumudu, anaweza kuigawa sehemu ya juu ikaimbwa na kiitikio cha wanakijiji, au akaifanya sauti yako kuwa sauti ya mama wa mjane inayotoka kuzimu, ukaimba nyuma ya pazia vile vile na watazamaji wakijua kwamba kuna mtu. Tamthilia za nyimbo za nchi yetu, tangu enzi za watunzi wa tamthilia kama akina Byron Kawadwa, zimejengwa juu ya mwimbaji na waitikiaji wake. Nafasi ya kufanya hivyo ipo.

Njia ya pili ni kuendelea kumsaidia jukwaani, hata Kampala, lakini kuikataa studio, au kuikubali kwa masharti ya kuandikwa majina yote mawili. Hapa unatenganisha kile ulichokitoa kwa upendo na kile unachoombwa kukitoa moja kwa moja. Kuna wanaoweza kuniambia kwamba udanganyifu ni udanganyifu, uwe wa jioni moja au wa kudumu, na sina hoja ya kuwanyamazisha. Ukiifuata njia hii, fahamu kwamba mzigo wa jukwaani utabaki mabegani mwako, na kwamba jukwaa la Kampala lina mafundi wake wa sauti na taa, watu msiowajua, ambao hawatakuwa na sababu ya kuwatunzia siri.

Kuhusu studio yenyewe, lijue hili kabla hujaamua lolote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 haimlindi mtunzi wa wimbo peke yake. Inamtambua pia mwimbaji na mwigizaji, na inataka idhini yake kabla uimbaji wake haujarekodiwa au kutangazwa. Maana yake ni kwamba ukiingia studio kwa siri bila karatasi yoyote, utakuwa umekiacha kitu ambacho sheria inakitambua kuwa ni chako, na pia utakuwa umemwingiza mfadhili katika mapatano yaliyojengwa juu ya jina lisilo sahihi. Huenda ukaamua kumwachia Dada, na watu wamewaachia ndugu zao makubwa kuliko hayo. Lakini uache ukijua unachokiacha, na muulize Dada kwa upole kama yeye naye anajua anachokitia sahihi. Nusu iliyofungwa kwenye leso ilitosha kwa fedha za kutunzwa. Mapato ya rekodi huja kidogo kidogo kwa miaka, na sijaona leso ya kuyafunga.

Njia ya tatu ni kwenda kwa mwongozaji peke yako. Naitaja kwa sababu uliitaja. Kuna hali ambayo ningeielewa: umezungumza na Dada, amekataa katakata, siku ya studio imefika na unalazimishwa. Hata hapo ningependa awe ameambiwa kwanza kwamba unakwenda. Jina la mbadala mwenye kijicho huenda likakufuata kweli, kwa maana vikundi vya Busoga ni vichache na maneno husafiri haraka kuliko teksi ya Iganga. Na ya nne ni kuondoka kimya kimya, jambo ambalo wengi wangelifanya. Litakuokoa wewe, na litamwacha Dada akiwa na onyesho la Jumamosi bila sauti na bila maelezo.

Deni lako kwake nimeliacha nyuma kwa sababu ndilo gumu zaidi kwangu. Alikutoa kwenye karai la chapati. Mtu wa namna hiyo hulipwaje? Umekuwa ukimlipa kwa kitu kile kile alichokupa, na nadhani jambo hilo limewafunga ninyi wawili, kwa maana kila anapokuona umesimama kati ya maleba na ukuta, anaona kazi ya mikono yake na pia anaona anachokipoteza. Kule kukutazama kupitia kioo siwezi kukutafsiria. Ilikuwa shukrani? Aibu? Ombi? Wewe ulikuwepo. Lakini mwanamke anayegawa fedha nusu kwa nusu bila kuombwa si mtu aliyekwisha kuamua kukudhulumu, nami ningeanzia hapo ninapotafuta maneno ya kumwambia. Watoto wake na ada zao ni halisi, na mazungumzo yenu yatakwama msipoyagusa: akikubali kupumzisha koo kwa muda, ataishi kwa nini? Je, anaweza kulipwa kwa kuwafundisha vijana wa kikundi alivyokufundisha wewe? Je, fungu lako la malipo ukiwa mjane unaweza kuligawa naye, kama alivyoligawa lake? Ukienda na swali hilo ukiwa umelifikiria, ataona kwamba hukuja kuchukua tu.

Usimwendee siku ya onyesho, wala baada ya onyesho akiwa bado na poda usoni na watu wanaingia kumpongeza. Chagua asubuhi ya siku isiyo na mazoezi, nyumbani kwake, watoto wakiwa shuleni. Na kwa kuwa sauti yake haitamruhusu kubishana kwa muda mrefu, usiitumie nafasi hiyo kuyasema yote mfululizo. Sema kidogo, umpe kalamu na karatasi kama anataka, na umwachie muda wa kujibu, hata kama jibu litachukua siku kadhaa.

Wako,
Shangazi